Kila waya ni antena

Mjomba wangu alikuwa anajua ni gari gani linapanda kutoka mjini kabla hatujaliona. Alikaa chini ya mwembe, pale Bigwa barabara inapoanza kuuacha mji na kuelekea Matombo, na mbele yake redio imevuliwa mfuniko. Redio ikianza kukoroma tr-tr-tr juu ya sauti ya mtangazaji wa Radio Tanzania, anasema, "Land Rover ya petroli hiyo." Haipiti dakika moja, Land Rover hiyo inapita, vumbi linatuangukia, na mkoromo unafifia kadiri gari linavyopanda. Likipita lori la dizeli, redio haisemi kitu. Ilikuwa mwaka 1970, nina miaka 13, na hilo ndilo somo la kwanza la ufundi nililopewa. Plagi za injini ya petroli hutoa cheche, kila cheche ni kituo kidogo cha redio, na waya wowote ulio karibu utaipokea, upende usipende.

"Kila waya ni antena," mjomba alisema, "mpaka uukataze."

Kwetu Waluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Wenzangu walipewa shamba la migomba huko juu, mimi nilipewa chuma cha kulehemu. Nimekula kwa kazi hiyo zaidi ya miaka 40. Tangu mwaka 2019 nimebeba kifuani nyaya mbili nisizozifunga mimi: zimeingia chini ya mtulinga, zimefuata mshipa wa damu, zimeishia ndani ya moyo. Watu wa Bigwa wanasema nina betri ya moyo, yaani kifaa cha kuuendesha moyo kwa umeme. Kila mtu anauliza habari za betri, itakaa miaka mingapi, inachajiwaje. Sijapata hata mmoja aliyeuliza habari za waya. Basi mimi ninaandika habari za waya, kwa sababu nimeisoma historia yake kwa miaka mitano sasa, kila karatasi niliyoweza kuipata, na nimewakuta humo watu wa kazi yangu.

Kabla ya kwenda mbali, nieleze waya unakatazwaje. Morogoro ulikuwa mji wa muziki, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Nyuma ya bendi hizo kubwa zilikuwapo bendi ndogo ndogo ambazo majina yake yamesahaulika, na kila moja ilikuwa na waya unaounguruma. Siku moja kijana mmoja wa bendi alileta waya wa maikrofoni. Akiushika mkononi unanyamaza, akiuacha unaunguruma, na usiku ule ana dansi. Mjomba alichukua wembe, akauchana mpira wa nje polepole kama anayemenya ndizi mbivu sana. Chini ya mpira tuliona wavu wa nyuzi za shaba, nyembamba kuliko unywele, zimesukwa kama ukili. Ndani ya wavu kulikuwa na plastiki, na ndani ya plastiki uzi mwingine, huo ndio uliobeba sauti.

"Huu wa ndani una siri," alisema. "Huu wavu kazi yake ni kusimama mlangoni. Kelele ikija inaukuta wavu kwanza, wavu unaipeleka ethi, ardhini. Wa ndani hausikii."

Mafundi tunauita shildi. Maikrofoni ya kuimbia hutoa milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za volti, na umeme wa ukutani wa volti 230 unapita mita moja kutoka hapo. Bila shildi, mwimbaji hasikiki.

Ila mjomba hakuishia hapo. Aliufuata wavu kwa kidole mpaka karibu na jeki, akanionyesha palipokatika. Nyuzi za shaba zilikuwa zimechanika moja moja, mahali pale pale ambapo waya ulikunjwa kila usiku wakati wa kufungasha vyombo. "Waya hufia unapokunjwa," alisema. Hilo lilikuwa somo la pili. Sikujua wakati ule kwamba masomo yale mawili yanagombana: ukitaka waya usisikie kelele unauongezea chuma, na ukiuongezea chuma unakuwa mgumu na kukatika mapema. Historia yote ya waya wa moyo, kwa nilivyoielewa, ni ugomvi huo.

Moyo wenyewe ni chombo cha milivolti. Waya uliogusa ukuta wa chumba cha chini cha moyo hupokea, kila pigo, kama milivolti 5 hadi 15. Chumba cha juu hutoa kidogo kuliko hapo, mara nyingi milivolti 2 au 3. Niliposoma tarakimu hizo niliziangalia kwa muda mrefu. Ni zile zile za maikrofoni ya yule kijana.

Kilichonipata mimi hakina maelezo marefu. Nilianguka kwenye banda langu, chuma cha kulehemu mkononi, na wiki ile ile nikaanguka tena. Hospitalini mjini walinipima wakakuta moyo unapiga mara 34 kwa dakika. Chumba cha juu kilikuwa kinatuma umeme, cha chini hakiupati. Miaka ya nyuma wagonjwa wa namna yangu, waliobahatika, walikuwa wakipelekwa India kwa gharama za serikali. Wasiobahatika walizikwa, na watu wakasema kaanguka ghafla. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, na kazi hii wanaifanya kwa tundu dogo, mgonjwa yuko macho.

Usiku wa kuamkia kufanyiwa nilimuuliza daktari, kijana wa umri wa mwanangu, "Daktari, samahani. Huo waya una shildi?"

Alinitazama. "Mzee wangu, wewe ulikuwa fundi wa nini?"

"Redio."

Alitoka bila kujibu, akarudi na waya wa mfano, ule wanaowaonyeshea wanafunzi, akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa na urefu wa mkono wangu, unene kama wa tambi nene, na ulilegea kama tambi iliyoiva. Mwishoni palikuwa na skurubu ndogo ya kujikita kwenye nyama ya moyo, na nyuma yake kidogo pete ya metali. Niliupinda, nikauzungusha kidoleni, nikauachia, ukanyooka wenyewe. Nilitafuta wavu wa shaba kwa ncha za vidole kama nilivyozoea, sikuusikia. "Hauna," nilimwambia. Akasema, "Una kinga, ila si kama unayoifikiria." Aliitwa wodi nyingine, hakurudi tena usiku ule. Jibu lake nililitafuta mwenyewe baadaye.

Betri ya moyo haikutoka kwa madaktari peke yao. Earl Bakken, aliyetengeneza mashine ya kwanza ya kuvaliwa na mgonjwa, alikuwa fundi wa vifaa vya umeme vya hospitali. Yeye na shemeji yake walikuwa na karakana ndani ya gereji huko Minneapolis, Marekani, tangu 1949. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini. Wakati ule mashine za moyo zilichomekwa ukutani, na watoto waliopasuliwa moyo walizitegemea ili waishi. Daktari wao, Walton Lillehei, akamwomba Bakken kitu cha betri. Bakken alikumbuka mchoro aliouona kwenye gazeti la mafundi, mchoro wa transista wa chombo cha kupigia mdundo wanachofanyia mazoezi wanamuziki. Akaugeuza. Baada ya wiki chache kisanduku kile kilikuwa kimefungwa kwa mtoto. Nani mwenye banda la redio asiyeielewa siku ile? Tumeishi kwa michoro ya magazeti, tukiigeuza kwa vipuri tulivyonavyo.

Mwingine ni Wilson Greatbatch wa jimbo la New York, aliyefanya kazi ya redio jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa anaunda chombo cha kurekodi sauti za moyo, akapeleka mkono kwenye kisanduku cha resista, akatoa ya ohmu milioni 1 badala ya 10,000. Ambaye hajawahi kushika resista haoni jinsi kosa lile lilivyo jepesi: zote mbili zina mstari wa kahawia kisha mweusi, na tofauti iko kwenye mstari wa tatu, rangi ya chungwa au kijani. Kwenye mwanga hafifu mimi mwenyewe nimekosea mara nyingi. Chombo chake kilianza kupiga, kikanyamaza, kikapiga, kikanyamaza. Akautambua mdundo wa moyo. Mwaka 1960 yeye na daktari mpasuaji William Chardack walianza na wagonjwa wao wa kwanza wa kifaa cha kufukiwa mwilini.

Lakini wa kwanza duniani kufukiwa kifaa alikuwa Msweden, Arne Larsson, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja. Mkewe, Else-Marie, aliwaganda daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho kilikuwa bado hakijawa tayari. Elmqvist aliunda vifaa viwili vyenye transista, na ili avifunge visiguswe na maji ya mwili akavimiminia gundi ngumu ya epoksi ndani ya kopo la rangi ya viatu, kopo la Kiwi. Nina makopo ya Kiwi kwenye banda langu hadi leo, ninawekea skurubu na kondensa. Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikaenda kulichukua moja, nikaliweka kifuani juu ya kovu. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko kifaa changu, basi.

Kifaa cha kwanza cha Larsson kilikufa baada ya saa chache. Walimwekea cha pili, nacho hakikudumu. Aliishi hivyo, akiwekewa na kutolewa, mpaka akafikisha vifaa 26 na umri wa miaka 86. Alikufa mwaka 2001, mhandisi wake na daktari wake wakiwa wameshatangulia kufa, na moyo sio uliomuua.

Kilichosumbua zaidi katika miaka ile ya mwanzo kilikuwa waya. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na waya hukunjwa kila pigo. Hesabu hiyo ni zaidi ya milioni 36 kwa mwaka. Waya wa bendi unakunjwa mara mbili kwa usiku, na bado ulikufa. Wasweden walikwenda kwa watu wa simu, kampuni ya Ericsson, ambao walikuwa wamehangaika na nyaya za mikono ya simu kwa miongo mingi. Wakapata waya wa vipande vinne vya bapa vya chuma kisichoshika kutu, vyembamba sana, vimezungushwa juu ya uzi wa poliesta. Waliupinda kwenye mashine mara milioni 184 bila kukatika. Huko Buffalo naye Chardack akaja na koili, waya uliosokotwa kama springi ya kalamu ya biki, wa platinamu na iridiamu. Springi haikunjwi mahali pamoja, mkunjo unagawanywa kwenye mizunguko yote. Nyaya zote za leo, hata zangu, ni wajukuu wa ile springi.

Kuhusu kelele, hakuna aliyejali. Kifaa cha Larsson kilikuwa kiziwi. Kilipiga mara zile zile kwa dakika, moyo utake usitake, na kiziwi hadanganyiki kwa kelele. Shida ilianza katikati ya miaka ya 1960, pale Barouh Berkovits alipounda kifaa kinachosikiliza kwanza: moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza, ukichelewa, kinapiga. Lilikuwa jambo jema sana, kwa sababu kifaa kiziwi kinaweza kupiga wakati mbaya na kuuvuruga moyo. Ila tangu siku hiyo ule waya uliokuwa wa kupeleka umeme tu ukawa pia wa kuleta. Ukawa antena.

Hapo ndipo nilipokutana na Land Rover ya mjomba wangu. Madaktari wa miaka ile walianza kuandika kuhusu wagonjwa walioona kizunguzungu karibu na majiko ya maikrowevu, karibu na mashine za kunyolea, karibu na injini za petroli zenye cheche. Kifaa kilisikia tr-tr-tr kikadhani ni moyo unaopiga, kikanyamaza kwa adabu, na moyo ambao haukuwa unapiga ukaachwa peke yake. Mjomba, chini ya mwembe wake Bigwa, alikuwa anausikiliza ugonjwa ule ule kwenye spika.

Dawa ya kwanza ilikuwa sanduku. Epoksi haizuii mawimbi, mawimbi hupita humo kama mwanga kwenye kioo. Katika miaka ya 1970 watengenezaji waliacha epoksi wakafunga vifaa ndani ya titaniamu iliyochomelewa pande zote. Sanduku la metali lililofungwa ndiyo shildi kamili, hata sisi tulifunika koili za redio kwa vikopo vya alumini. Ndani ya sanduku pakatulia. Lakini waya ulikuwa bado nje, nusu mita na zaidi, na lazima uingie ndani ya sanduku kwa tundu. Nyumba yenye kuta nene haikusaidii kitu kama mlango hauna kitasa.

Kitasa ni kondensa ndogo. Waliziweka pale pale waya unapoingilia, kila waya na yake, kazi yake kuchukua mawimbi ya masafa ya juu na kuyarudisha kwenye sanduku yasipite. Simu za mkononi ndizo zilizowaharakisha. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la New England lilitoa utafiti wa wagonjwa 980 waliojaribiwa simu karibu na kifua, majaribio 5,533, na katika kila majaribio 100 kama 20 simu iliingilia kifaa, hasa ikiwekwa juu yake kabisa. Ikaja nasaha ya kuitenga simu na kifaa kwa kama sentimita 15, na kondensa zikawa kitu cha kawaida. Simu zilipotapakaa Bigwa, mlango ulikuwa umeshatiwa kitasa. Mimi simu naiweka mfuko wa suruali wa kulia, naongea kwa sikio la kulia, maana kifaa kiko kushoto.

Sasa nirudi kwenye jibu la daktari. Kwa nini hawakuuzungushia waya wavu wa shaba, wakamaliza? Sababu mbili. Ya kwanza mjomba alishaisema. Wavu uliosukwa una maelfu ya nyuzi zinazosuguana, na hakuna wavu wa maikrofoni utakaopona mikunjo milioni 36 kwa mwaka. Ya pili sikuijua mpaka nilipoisoma: wavu nao ni waya, una mwanzo na mwisho, na usipoufunga vizuri kwenye ethi unageuka kuwa antena nyingine. Mwilini ethi iko wapi? Hakuna nguzo ya chuma ya kuchomeka chini. Kuna maji ya chumvi.

Kwa hiyo kinga waliitafuta kwenye umbo. Nyaya nyingi za zamani zilikuwa na ncha moja tu ndani ya moyo, na umeme ulirudi kwa kupitia mwilini hadi kwenye sanduku kifuani. Kati ya ncha na sanduku pana shubiri nzima na zaidi, na kila kelele inayopita kati yake inasikika. Wakaongeza pete, ile niliyoigusa nyuma ya skurubu. Kifaa kinasikiliza tofauti kati ya ncha na pete, vitu viwili vilivyoachana kwa sentimita moja au mbili. Pigo la moyo linatokea hapo hapo, hivyo ncha na pete hazilisikii sawa. Kelele ya kutoka nje inazifikia zote mbili karibu sawasawa, na ukitoa moja kwa nyingine inabaki karibu sifuri. Mafundi wa muziki wanaifahamu hiyo: ndiyo maikrofoni ya nyaya mbili, ile ambayo bendi yenye fedha ilikuwa nayo na yule kijana hakuwa nayo.

Na nyaya zenyewe, ya ncha na ya pete, katika waya wa aina niliyoonyeshwa ni koili moja ndani ya koili nyingine, zimetenganishwa kwa mpira. Ukiukata utaona miduara ndani ya miduara, kama kebo ya antena ya televisheni. Wavu haupo, lakini mpangilio ni wa wavu.

Mpira huo nao una habari yake. Silikoni ni laini na inachubuka, wakaleta poliuretani iliyo ngumu na nyembamba, na katika miaka ya 1980 baadhi ya poliuretani ikaanza kupasuka ndani ya watu, kwa sababu metali ya waya na maji ya mwili viliitafuna. Mpira ukipasuka, waya unasikia misuli ya kifua. Mtu akiinua ndoo, kifaa kinasikia ndoo. Waya uliokatika nusu ni mbaya zaidi, ncha zake zinagusana na kuachana na kutengeneza kelele yake yenyewe. Mwaka 2007 waya mmoja wa vifaa vya kushtua moyo ulisimamishwa kuuzwa, wakati umeshawekwa kwa watu kama 268,000 duniani. Baadhi yao walipigwa na mshtuko wakiwa wazima, kwa kuwa kifaa kiliuamini mkoromo. Nikiwafikiria watu hao huwa nashika kifua bila kujua.

Kuna adui mmoja aliyebaki, na alikuwa mkubwa kuliko wote. Mashine ya picha ya MRI ilianza kupiga picha za binadamu mwaka 1977. Ndani yake mna sumaku kubwa, na mna kituo cha redio. Mashine nyingi za hospitali, zile za tesla 1.5, hurusha mawimbi ya megahezi 64, chini kidogo ya mahali FM inapoanza. Fundi yeyote anajua kukata antena: nusu wimbi la megahezi 64 hewani ni kama mita 2.3. Lakini mwilini, kwa sababu ya maji, wimbi hujikunja likawa fupi kama mara tisa, na nusu yake ikawa sentimita 20 na kitu. Waya wa moyo una sentimita 50 na kitu. Unaingia humo kama antena iliyokatwa kwa makusudi, na nguvu yote unayoipokea inamiminikia kwenye ncha, na ncha imekita kwenye nyama. Nyama inaungua. Kwa miaka zaidi ya 30 jibu la mwenye betri ya moyo aliyehitaji MRI karibu siku zote lilikuwa moja: hapana.

Aliyelifungua lile "hapana" hakutumia shildi. Alitumia choki, yaani koili ya kukaba mawimbi. Kifaa cha kwanza kilichotengenezwa kwa ajili ya kuingia MRI kilitoka Ulaya mwaka 2008, na Marekani kikaruhusiwa Februari 2011. Katika waya wake, koili ya ndani iliyokuwa imesokotwa kwa nyuzi nne sambamba ilifanywa nyuzi mbili. Nyuzi zikipungua, mizunguko inaongezeka kwenye urefu ule ule, na koili yenye mizunguko mingi huupitisha mdundo wa polepole wa moyo lakini huyakaba mawimbi ya megahezi 64. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga kitabu. Nimefunga choki maisha yangu yote. Nimezisokota kwa mkono kwenye kalamu ya risasi, nikihesabu mizunguko kwa sauti ili mteja asinisemeshe nikasahau.

Mwaka 2023 mgongo wangu ulikataa kabisa, na daktari mmoja akataka picha ya MRI. Nilitoa kadi yangu ya kifaa. Walisoma jina la sanduku, wakasema hili linaruhusiwa. Niliwaomba wasome na nyaya, zote mbili, namba na urefu, kwa maana sanduku linaloruhusiwa likifungwa kwa waya usioruhusiwa ni bure. Yule mtaalamu wa picha, binti mpole, alizisoma moja moja kwa kidole. Kifaa kikabadilishwa mpango kwa muda, nikalala kwenye kile kitanda kinachoingia tunduni. Mashine ilipoanza kugonga nilifumba macho nikahesabu mizunguko, moja, mbili, tatu, kama niko bandani. Nilikuwa naisubiri ncha ipate moto. Nilifika mia saba na kitu wakanitoa.

Nyumba yangu iko chini ya Bondwa. Usiku taa nyekundu za minara ya kileleni zinaonekana kutoka uani, mitambo ya redio na simu inayorusha juu ya vichwa vyetu usiku kucha. Jirani yangu wa kulia anachomelea mageti. Kwa sababu ya mashine yake niliihamisha meza yangu ya kazi, mita kumi na zaidi, naye akaja kunisaidia kuibeba bila kuuliza mara mbili. Kliniki ninakwenda Dar kwa treni ya umeme tangu ilipoanza mwaka 2024. Juu ya behewa kuna waya wa volti 25,000. Safari ya kwanza nilikaa dirishani mkono ukiwa kifuani kutoka Morogoro mpaka Pugu. Siku hizi nalala.

Kliniki ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita. "Shikamoo, baba," muuguzi alisema. Nikamwitikia. Aliniwekea kile kichwa cha kupimia juu ya kovu, akageuza skrini niione, kwa kuwa ananijua. "Bana viganja, kila kimoja kisukume mwenzake kwa nguvu. Sasa inua mkono wa kushoto juu. Uzungushe." Hivyo ndivyo wanavyoutafuta waya uliochubuka: unakunja msuli, na kama mpira umepasuka mkoromo unaonekana. Nilisukuma viganja mpaka mikono ikatetemeka. Kwenye skrini mstari ulipita, pigo, kimya, pigo, kimya, na katikati ya mapigo ulikuwa mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo.

"Safi," alisema.

"Nichapie, mwanangu."

Alinichapia. Karatasi hiyo nimeikunja, iko bandani ndani ya kopo la Kiwi, pamoja na kipande cha wavu wa shaba ambacho mjomba alikikata siku ile.